Mteja Asiyeaga

Dukani, mteja asipoona anachotaka huuliza. Huegemea kaunta, hunyoosha kidole kwenye rafu, hubishana bei, na hata akiondoka mikono mitupu muuzaji humwona anavyotoka na kujua kwamba leo kuna kitu hakikwenda sawa. Kwenye tovuti hakuna wa kumwona akitoka. Mgeni hufika usiku wa manane, yuko katika mji ambao mwenye biashara hajawahi kuukanyaga, hubonyeza kitufe kisichofanya kazi, husubiri kidogo, kisha huenda kwa jirani. Haagi wala halalamiki. Mwenye biashara hubaki akisema kuwa msimu umekuwa mbaya.

Kwa sababu ya ukimya huo naipenda kazi ya kukagua na kurekebisha tovuti za biashara ndogo, na nataka kuisifu waziwazi, maana ni nadra kumsikia mtu akiisifu. Anayejenga tovuti hupongezwa siku inapozinduliwa. Anayeirudia baada ya miaka 2, akaipitia ukurasa kwa ukurasa, akagonga kila kiungo na kusahihisha tarakimu moja ya namba ya simu, hakatiwi keki. Mimi naamini kazi yake ni nzito kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayemsemea mteja ambaye hatasema.

Tovuti huchakaa, tena huchakaa bila kutoa mlio. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti pale CERN, Uswisi, aliliona hilo mapema. CERN iliitoa teknolojia hiyo bure kwa dunia nzima tarehe 30 Aprili 1993, na ilipofika 1998 Berners-Lee mwenyewe alikuwa ameshaandika makala ya kuwasihi wenye tovuti wasizibadilishe ovyo anwani za kurasa zao. Wengi hawakumsikia. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Hata hivyo, ukurasa uliokufa kabisa haunisumbui sana. Ile 404 inayojitokeza ni jibu la kweli: ulichokitafuta hakipo. Unaonisumbua ni ukurasa ulio hai, unaofunguka vizuri, wenye rangi za kupendeza, na unaosema jambo lililokuwa kweli miaka 4 iliyopita.

Nichukue mfano wa aina ya biashara ninayoijua: nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Nasema aina, kwa sababu kasoro nitakazozitaja zimetapakaa katika nyingi, na hakuna nyumba moja ninayotaka kuianika.

Mkaguzi mzuri haanzi na mashine. Huanza kwa kusoma, taratibu, kama mtu aliyeshuka kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam kwenye bandari ya Malindi, Zanzibar, saa 10 jioni, ana begi la magurudumu, jua bado kali, na vijana watatu wanamuuliza anakwenda wapi. Tovuti inamwambia kwamba nyumba ipo katikati ya Mji Mkongwe. Ni kweli, na haimsaidii kitu. Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na vichochoro vyake vingi havipitishi gari. Teksi itamshusha mahali, na kuanzia hapo atategemea miguu yake na maneno machache aliyoandikiwa. Alama kwenye ramani ya simu mara nyingi huangukia paa la jirani, au hukaa upande wa nyuma ambako hakuna mlango. Basi mkaguzi hutoka kwenye kiti chake akaitembea njia hiyo mwenyewe. Huandika pa kushukia gari, msikiti unaopitwa mkono wa kulia, mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, na dakika za mwendo. Haandiki duka la vocha, kwa kuwa duka la vocha huhama. Mistari 4 ya namna hiyo ina thamani kuliko picha 10 za machweo, na hakuna programu itakayokuambia kuwa inakosekana.

Baada ya kusoma ndipo hugusa. Mafundi wa kalafati wa kijiji cha Nungwi hawaangalii jahazi kwa mbali na kusema limeziba. Hupita mshono kwa mshono, wakishindilia pamba iliyolowa mafuta, kwa sababu maji hayachagui mshono mkubwa. Mkaguzi hufanya vivyo hivyo kwa viungo. Hubonyeza kila kimoja, hata kile ambacho haiingii akilini kuwa kimeharibika, hasa hicho. Namba ya simu inayoanza na 0 humtosha mtu wa Unguja, lakini aliye Muscat au Toronto anahitaji +255. Kitufe cha WhatsApp kina ugumu wake: anwani yake huanza na wa.me, kisha 255 na namba yenyewe, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Aliyetengeneza kwa haraka huibakiza sifuri hiyo, na kitufe, kijani na kizuri, hakimfikishi mtu popote. Familia ngapi za Wazanzibari wa Oman wanaotaka chumba cha sikukuu hukibonyeza mara moja, wakaona hakuna kitu, wakampigia mtu mwingine? Haijulikani, na haitajulikana. Ndiyo maana lazima mtu akibonyeze kabla yao.

Mwenye nyumba akiambiwa kuwa tovuti ni nzito, jibu lake huwa lile lile: “Kaka, mbona kwangu inafunguka?” Inafunguka kweli. Ameifungua mara nyingi hadi simu yake imehifadhi nakala ya picha zote, tena anaifungulia mapokezini, karibu na kisanduku cha Wi-Fi. Mkaguzi humwomba watoke nje pamoja, wazime Wi-Fi, wafungue dirisha la faragha kwenye kivinjari, na watumie simu ya bei ya chini yenye bando la kawaida. Kisha wanasubiri. Kusubiri huko wakiwa wawili, bila kusemezana, hufundisha kuliko ripoti yoyote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha iliyopigwa na simu janja ya leo huwa na megabaiti 4 hivi. Weka 12 kwenye ukurasa wa mbele, unapata megabaiti 48. Kwenye mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde, mgeni atasubiri zaidi ya dakika 3, huku bando lake likiyeyuka kwa picha ambazo hata hajaziona. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kubanwa kwa kiasi, kila moja hushuka hadi kilobaiti 150 hivi. Zote 12 ni chini ya megabaiti 2, na kusubiri ni sekunde 7 au 8. Jicho halioni tofauti kwenye kioo cha simu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba baada ya sekunde 1 mtu huanza kuhisi kuwa anangoja, na baada ya sekunde 10 akili yake huhamia kwingine. Miaka imepita na simu zimebadilika, lakini subira ya binadamu imebaki pale pale. Na kwetu mtandao wenyewe una siku zake mbaya: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilidorora Tanzania na kwa majirani. Siku kama hizo ukurasa mwepesi hupenya pale mzito unapokwama.

Kubana picha ni kazi ya dakika chache na programu za bure zipo. Kuchagua ibaki ipi ndiyo kazi. Nyumba iliyo ndani ya Mji Mkongwe huweka mbele picha ya mchanga mweupe wa Nungwi, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari, kwa sababu mchanga mweupe unauza. Mgeni akifika akakuta ukuta wa chokaa na sauti ya adhana badala ya mawimbi, hata kama ukuta huo ni mzuri, atahisi amedanganywa. Mimi huiondoa picha hiyo bila huruma. Mahali pake naomba picha ya ngazi, kwa kuwa nyumba hizo zina ngazi za mwinuko mkali, na mwenye magoti mabovu ana haki ya kuziona kabla ya kulipa.

Kisha kuna saa, na hapa ningependa kukaa kidogo, maana ni mtego wetu wenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na mitambo huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukurasa wa Kiswahili unaosema kifungua kinywa ni saa 1 hadi saa 4 asubuhi uko sahihi kabisa. Aliyeutafsiri kwa pupa akaziacha tarakimu zilivyo amemwambia Mjerumani ashuke kula kabla ya alfajiri. Lakini Mjerumani atauliza, akacheka, mambo yakaisha. Kosa baya zaidi limejificha nyuma ya ukurasa, katika maelezo ambayo msomaji hayaoni na Google inayasoma. Mwaka 2011 Google, Microsoft na Yahoo walianzisha pamoja utaratibu wa schema.org, ambao huiwezesha mitambo ya kutafutia kutambua jina la biashara, bei, na saa za kufungua. Na saa hizo huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Mkahawa wa nyumba hiyo hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Aliyejaza aliandika 02:00 hadi 12:00. Tangu siku hiyo, kila mchana baada ya adhuhuri, mtu anayetafuta pa kula akiwa hatua 100 kutoka mlangoni huambiwa na simu yake kwamba pamefungwa. Mpishi yupo, pweza yupo, meza zimepangwa. Kosa la aina hiyo linaweza kukaa miaka, kwa kuwa halina mlalamikaji. Kulisahihisha ni kuandika 08:00 na 18:00, na kwenye ukurasa unaosomwa na watu kuandika namna zote mbili: saa 2 asubuhi (08:00). Ninapoliona kosa hilo na kulitoa, hupata furaha ya fundi ambayo siwezi kumweleza kikamilifu mtu asiyeifanya kazi hii.

Fomu ya kuomba chumba ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko zote. Mgeni hujaza jina, tarehe, idadi ya watu, anaandika kwamba mama yake hali nyama, anabonyeza, na ukurasa unamjibu: asante, tumepokea ujumbe wako. Hiyo ni ahadi iliyotolewa kwa niaba ya nyumba nzima. Mkaguzi huufuata ujumbe huo kama anayefuata mtoto aliyetumwa dukani. Huijaza fomu mwenyewe, kisha huenda mapokezini kuuliza kama imefika. Mara nyingi ujumbe umeingia kwenye sanduku la kijana aliyeacha kazi zamani, au umetupwa pamoja na barua za matapeli, au haukutoka kabisa kwenye seva. Nakumbuka mama mmoja, mwenye nyumba ya namna hiyo, alipoonyeshwa barua zilizorundikana katika sanduku asilolijua. Alizisoma moja moja kwa sauti ya chini, akisema, “Huyu alitaka kuja na watoto. Na huyu. Masikini, na huyu.” Hakuzungumzia fedha hata kidogo. Alihuzunika kwa kuwa watu walibisha hodi na hakuna aliyewaitikia karibu.

Wapo pia wageni wanaoisoma tovuti kwa masikio. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, huwasomea wasioona yaliyomo kwenye kioo, na simu za Android zina yao. Programu hizo hutegemea ukurasa ujitambulishe umeandikwa kwa lugha gani. Ukurasa wa Kiswahili uliojengwa juu ya kiolezo cha kigeni hubaki ukijitangaza kuwa wa Kiingereza, na sauti ikaanza kuyatamka maneno yetu kwa kinywa cha London mpaka hayaeleweki. Dawa yake ni herufi 2 tu katika mstari wa juu wa msimbo: sw. Sijui rekebisho lingine dogo kiasi hicho linalomrudishia mtu heshima kubwa kiasi hicho. Kuhusu wanaoona kwa shida, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008, WCAG 2.0, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hakifiki. Hakimfai mzee, wala hakimfai kijana mwenye macho mazima aliyesimama bustani ya Forodhani jua la utosini.

Cheti cha usalama nitakipita haraka. Tangu mwisho wa 2015 shirika la Let's Encrypt linavitoa bure, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya mgeni kuwa tovuti isiyo nacho si salama. Hakuna sababu iliyobaki ya kutokuwa nacho.

Mashine zina nafasi yake na siitaki kazi hii bila hizo. Lighthouse ya Google, iliyomo ndani ya Chrome, itapima kasi, rangi, picha zisizo na maelezo, na kutoa alama hadi 100. Huona mambo ambayo jicho langu lililochoka huyapita. Lakini ukurasa unaweza kupata 100 huku bei zake zikiwa za mwaka juzi. Haijui kwamba tangu 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hutakiwa kukata bima ya dola 44, na kwamba nyumba inayowakaribisha ingewafanyia wema kuwaambia mapema kuliko kuwaacha washtukie safarini. Haijui kwamba kampuni ya simu ya Tigo ilibadilika jina kuwa Yas Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, kwa hiyo maelekezo ya malipo yenye jina la zamani yanamtia shaka mtu anayeogopa matapeli, na ana haki ya kuogopa. Haijui kwamba Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kizungu, wala kwamba ukurasa unaomweleza mgeni mikahawa gani huwa wazi mchana wa mfungo unapaswa kuguswa upya kila mwaka. Hayo huyajua mtu anayeishi mahali hapo, anayesoma gazeti, anayeongea na wauza tiketi bandarini. Ndiyo maana naamini mkaguzi wa Unguja ataiona tovuti ya Unguja vizuri zaidi kuliko kampuni kubwa iliyo mbali yenye zana bora.

Linabaki la kumwambia mwenyewe. Mwenye nyumba mara nyingi ni mtu mzima, tovuti yake aliijenga mpwa wake, na alijivunia siku ilipotoka. Unaanza na shikamoo na unakaa kunywa chai. Unamwonyesha kwanza kinachofaa, kwa kuwa karibu kila tovuti ina kitu kinachofaa: maelezo ya mapishi aliyoyaandika mwenyewe, yenye sauti ambayo hakuna mtaalamu angeiandika vizuri zaidi. Kisha unataja kasoro 3, zile zinazomzuia mgeni kufika, kupiga simu au kulipa. Nyingine 20 ziandike, zisubiri. Fundi anayemwaga zote mezani kwa mara moja anajionyesha yeye, na mwenye nyumba atanyamaza, atashukuru, na hatafanya hata moja.

Na ushikilie msimamo wa kutovunja. Kishawishi cha kusema tuijenge upya ni kikubwa, kwa kuwa kujenga kuna malipo mazuri na kuna jina. Lakini anwani za kurasa za zamani zimeshaandikwa katika vitabu vya wasafiri, zimehifadhiwa kwenye simu za watu waliolala hapo miaka iliyopita na wanaotaka kurudi. Ukivunja, unawapoteza. Pale ambapo ukurasa lazima uhame, seva ielekezwe impeleke mgeni kwenye anwani mpya bila yeye kuhisi. Ni mstari mmoja kwa kila ukurasa, unachosha kuuandika, na unapaswa kuandikwa.

Ukaguzi haujaisha kabla ya kuuliza jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Mara nyingi jawabu ni yule mpwa, kwa baruapepe aliyoitumia akiwa chuo. Ada isipolipwa kwa wakati, jina hupotea pamoja na baruapepe zote zinazolitegemea, na anayeandikiwa kukumbushwa ni mtu ambaye haisomi tena barua hiyo. Basi kazi ya mwisho hufanywa na mkaguzi na mwenye nyumba wakiwa wamekaa pamoja, mpwa akiwa kwenye simu: umiliki unahamishiwa kwa mwenye nyumba, nywila mpya inawekwa, nakala rudufu ya tovuti nzima inapakuliwa na kuhifadhiwa mahali pengine, na tarehe ya kulipia inaandikwa kwa kalamu katika daftari la wageni, ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe ya ukaguzi ujao. Mimi hupendekeza mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, na tena masika yanapokatika, kabla wageni wa Juni hawajaanza kutafuta.